Siku Tisa Bila Hodi

Jina la Bawabu nilimpa mimi, na kwa mwezi mzima nilijiona mjanja kwa ajili hiyo. Wenzangu walilidaka siku ile ile. Hata Meneja wetu, mtu asiyecheka mpaka awe ameandika kicheko kwenye ratiba, alianza kusema "mpelekeeni Bawabu" bila kujishtukia. Mwenye jina alipolisikia aliniangalia juu ya miwani yake akauliza, "Bawabu ni yule anayekaa mlangoni?" Nikamwambia ndiye. "Basi sawa," akasema, "mradi mlango wenyewe uwepo." Akarudi kwenye karatasi zake.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye sweta la kijivu alilolivaa hata siku ya jua kali, kwa sababu kiyoyozi cha ofisi yetu kilijua baridi ya aina moja tu, nayo ni ya kuhifadhia samaki. Kabla ya kuja kwetu alikaa miaka ishirini na miwili nyuma ya dirisha la dawa katika hospitali kubwa. Sisi tulikuwa watu saba ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Tulitengeneza programu inayotumiwa na zahanati arobaini na moja: muuguzi anaandika jina la dawa, aina ya chupa na uzito wa mtoto, na programu inamwambia ampe mililita ngapi. Ndiyo kazi yote. Ukiisikia hivyo utadhani ni jambo dogo, na mimi nilidhani hivyo kwa miaka minne.

Kazi yetu yote ilikaa kwenye ghala moja la msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Kila mmoja ana nakala kwenye mashine yake, anahangaika nayo, kisha anasukuma mabadiliko yake kwenye ghala kuu, ambalo linakumbuka kila kitu: nani kabadilisha, lini, mstari upi. Ndani ya ghala kuna folda, moja ya kurasa, moja ya ripoti, moja ya orodha ya vifaa vya stoo, na moja iliyoitwa dozi. Humo ndimo yalimokaa majedwali ya vipimo vya dawa. Folda hiyo ilifungwa. Ukiigusa hata kwa kuongeza nafasi moja tupu, kulikuwa na mlinzi langoni, yaani programu ndogo ya mistari thelathini ambayo Bawabu aliiandika mwenyewe, akiwa amejifunza msimbo wakati wenzake wa rika lake wanajifunza kulea wajukuu. Mlinzi anakutupia kazi yako na maneno haya: Folda hii imefungwa. Piga hodi kwa Bawabu. Maneno hayo niliyaandika mimi kwa utani. Yeye aliyaacha vile vile.

Kupiga hodi kwenyewe kulikuwa kazi. Unachapa mabadiliko yako kwenye karatasi, unakwenda mezani kwake, unavuta kiti. Anatoa rula ya plastiki iliyovunjika ncha, anaiweka chini ya mstari wa kwanza, anasema, "Soma." Unasoma kwa sauti: dawa, chupa, uzito, mililita. Naye anaangalia kwenye kitabu chake cha dawa, si kwenye karatasi yako, na anarudia anachokiona kule. Sauti zenu zikifanana, rula inashuka. Ndivyo walivyofanya dirishani miaka yote, wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akijibu, na ndivyo alivyotaka tufanye sisi wenye kompyuta zinazoweza kulinganisha mistari elfu kumi kabla hujapiga chafya. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kompyuta inalinganisha ulichoandika na ulichoandika." Nilicheka. Sikumwelewa hata kidogo.

Kila hodi aliiandika kwenye daftari gumu: tarehe, aliyebisha, alichotaka, aliyeruhusu. Kwa wastani tulimbishia mara tatu au nne kwa wiki, nusu yake kwa makosa, maana sisi ni watu wa kuparamia. Alikuwa wa kwanza kufika asubuhi, na alifungua mashine kabla hajatua mkoba. Saa saba mchana mumewe, mwalimu mstaafu, alimpigia simu kila siku ya Mungu. Sisi tuliusikia upande mmoja tu. "Bado... Nitakula... Hapana, hakuna kitu. Nina wasiwasi tu." Tulikuwa tunaigiza maneno hayo akitoka nje. Nina wasiwasi tu. Redio, dada yetu wa huduma kwa wateja, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, aliiga vizuri kuliko wote.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa. Nilikuwa na nia njema, au nilidhani ninayo. Akasema, "Miaka ishirini na miwili dirishani, hakuna aliyewahi kurudi kuniambia nimemkosea. Watu wananipongeza kwa hilo. Mdogo wangu, yule uliyemkosea sana si ndiye asiyeweza kurudi?" Nikaenda kuchemsha chai.

Sasa nifike kwenye Jumatatu ile.

Nilikuwa nimeamua kwamba ghala letu limekaa ovyo. Mimi ni mtu wa kupanga, mke wangu atakwambia napanga hata sufuria zake na hanishukuru. Nilitaka folda zote zenye namba ziingie ndani ya folda moja kubwa niliyoiita majedwali. Folda ya dozi nayo ingehamia humo. Nikachapa karatasi yangu, nikapiga hodi kama mtoto mwenye adabu.

Nilimkuta amesimama, mkoba begani. Siku hiyo mumewe alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho saa tano, na ilikuwa saa nne na nusu.

"Dada, ni kitu cha dakika moja," nikasema. "Ndani sijagusa kitu. Nahamisha folda tu."

Akatazama kioo cha mashine yangu. Mistari iliyoongezwa: sifuri. Mistari iliyofutwa: sifuri. Akatazama saa ya ukutani.

"Tusome?" akauliza.

"Tusome nini, dada? Sifuri?" Nikacheka. "Nenda kwa Mwalimu, asije akafumbuliwa jicho akute hupo."

Alisitasita. Nakumbuka mkono wake uligusa droo yenye rula. Kisha akaruhusu, akaandika kwenye daftari akiwa amesimama, akashuka ngazi karibu kwa kukimbia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kumpitisha mtu bila kusoma, na mimi nilijisifu kwa wenzangu mchana kutwa.

Jicho la Mwalimu lilifanikiwa. Bawabu alirudi Jumanne akiwa mchangamfu. Wiki ikaenda. Wiki ikaisha. Jumatatu iliyofuata tukatoa toleo jipya la programu, na zahanati zetu zikalipokea zilipowasha mashine Jumanne asubuhi, kama kawaida. Jumatano, saa nne kasoro, Bawabu alisimama katikati ya ofisi na daftari lake limefunguliwa.

"Kuna mtu amebisha hodi wiki hii?"

Tukatazamana. Hakuna.

"Na wiki iliyopita, baada ya mdogo wangu huyu?"

Hakuna.

"Siku tisa," akasema.

"Hongera!" Redio akapiga makofi. "Hatimaye tumestaarabika."

Yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na nilishangaa, maana ni nani anayeogopa kimya? "Ninyi," akasema taratibu. "Ninyi mnaobisha hata mkiwa usingizini. Siku tisa." Akaja mpaka mezani kwangu. "Mdogo wangu, hebu jaribu kuvunja."

"Kuvunja nini?"

"Ingia kwenye dozi. Weka nafasi moja tupu mwisho wa mstari wowote. Sukuma."

Nikafanya, huku nikitabasamu kwa ajili ya wenzangu. Nikaweka nafasi. Nikasukuma. Nikasubiri maneno yangu mwenyewe ya utani yanirudie.

Mashine ikaandika: Imepokelewa.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Nikafungua ile programu yake ya mistari thelathini, na haikuhitaji hata dakika. Mlinzi alikuwa ameagizwa kulinda kila kitu kilichomo katika folda iitwayo dozi, pale mwanzoni mwa ghala. Pale hapakuwa na folda ya dozi tena. Mimi nilikuwa nimeihamisha. Mlinzi alikuwa amebaki siku tisa akilinda kiwanja kitupu, kwa uaminifu wote, na nyumba iko mtaa wa pili na milango wazi.

"Historia," akasema Bawabu. "Nionyeshe kila kilichopita."

Nikafungua. Katika siku tisa folda ya dozi ilikuwa imeguswa mara moja tu, mbali na hiyo nafasi tupu niliyoiweka sasa hivi. Alhamisi ya wiki iliyopita. Aliyeigusa: mimi.

Naomba nieleze, ingawa maelezo hayapunguzi kitu. Orodha ya vifaa vya stoo ilikuwa imejaa marudio: glovu mara tatu, pamba mara mbili. Alhamisi ile niliandika kijiprogramu cha kufuta marudio, kinachotafuta mistari miwili yenye jina moja na kipimo kimoja, kinabakiza wa juu na kufuta wa chini. Badala ya kukielekeza kwenye folda ya stoo peke yake, nilikiachia ghala zima, kwa uvivu. Na sikuogopa. Nilijiambia kabisa, moyoni, kwa maneno: nikigusa dozi, mlinzi atanirudisha. Hakunirudisha. Nikachukulia kwamba sikuigusa, nikaenda zangu kula.

Kwenye dozi kilikuwa kimefuta mistari kumi na mmoja.

"Ipi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamwonyesha. Ilikuwa dawa ya maji ya degedege, ile inayomtuliza mtoto na kumlaza. Inakuja kwa chupa mbili, hafifu na kali, na kali ina nguvu mara mbili. Kwa hiyo jedwali lilikuwa na mistari miwili kwa kila uzito, mmoja wa kila chupa. Jina moja, uzito mmoja. Kijiprogramu changu kiliona marudio. Kikabakiza wa juu, wa chupa hafifu. Na programu yetu ikikosa mstari wa chupa iliyotajwa inachukua ule uliopo wa dawa hiyo hiyo, ujinga ulioandikwa na mtu aliyekwishaondoka kazini, ambaye mpaka leo tunamsingizia kila kitu. Maana yake ni kwamba tangu jana asubuhi, muuguzi yeyote katika zahanati arobaini na moja aliyeshika chupa kali aliambiwa ampe mtoto mara mbili.

Nikamsogezea Bawabu kibodi.

Bawabu ndiye aliyerudisha mistari ile, yeye mwenyewe, kwa vidole viwili kama anavyochapa siku zote. Toleo lililosahihishwa likaondoka saa nne na robo. Lakini mashine za zahanati hupokea toleo zinapowashwa asubuhi tu. Ilibidi kupiga simu.

Meneja alitoka chumbani kwake, akasikiliza, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo. "Tuandike barua kwanza," akasema. "Kwa utaratibu. Tusiwatie watu hofu, dada yangu."

"Hofu ninayo ya kutosha," Bawabu akamjibu, tayari ameshika simu. "Nawagawia."

Tukagawana orodha, yeye, Redio na mimi. Maneno yalikuwa mafupi: msitumie kipimo cha mashine kwa chupa kali ya degedege, zimeni, washeni, mniambie kama kuna mtoto amepewa tangu jana. Wengine walitushukuru, wengine walitutukana, mmoja alitaka kujua lini tutatengeneza mashine yao ya kuchapa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema yaliyohitajika na akakata. Kila jibu la "hapana, hatujatumia" nililiwekea alama ya vema, na kila alama ilinipa pumzi nusu. Saa sita na nusu tulikuwa na alama arobaini. Hakuna hata zahanati moja iliyotumia chupa kali.

Ilibaki moja, ile tuliyoiita ya njia panda. Simu yake iliita mpaka ikachoka.

Zahanati hutuletea taarifa za matumizi kila baada ya muda, mtandao ukiruhusu. Nikaenda kuangalia za njia panda, nikiomba nisikute kitu. Nilikuta mstari mmoja wa asubuhi hiyo, saa tatu na dakika kumi. Degedege, chupa kali. Mtoto wa kilo kumi na mbili. Mililita kumi.

Ilitakiwa tano.

Saa tatu na dakika kumi sisi tulikuwa hapa, tumekaa, tunakunywa chai. Nilimwita Bawabu kwa mkono. Akasoma. Akaweka kidole juu ya ile kumi, akakiacha hapo.

Tulipiga simu ile kwa nusu saa. Yeye anapiga, inaita, inakatika, anapiga. Simu yake ya mkononi ililia kwenye mkoba saa saba kamili, Mwalimu huyo, na kwa mara ya kwanza hakupokea. Mimi nilikuwa nafikiria kilo kumi na mbili. Binti yangu alikuwa kilo kumi na mbili mwaka juzi. Nilikuwa nambeba kwa mkono mmoja huku nikifungua mlango kwa mwingine. Uzito wake niliujua mkononi kabisa, pale kwenye kiwiko.

Saa saba na dakika tano mtu akapokea. Bawabu akaweka simu sauti ya nje ili niandike.

"Haloo, zahanati." Sauti ya msichana, mdomoni ana kitu anatafuna.

"Mwanangu, naomba usikate simu hii kwa lolote. Ni mimi wa programu ya dawa. Asubuhi mlimpa mtoto dawa ya degedege, chupa kali, mililita kumi. Ni kweli?"

Kutafuna kukakoma. "Ni kweli, mama. Mashine ndiyo iliyosema. Kuna nini?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa, chumba cha mapumziko. Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ile dawa. Mama yake naye kasinzia kwenye kiti, maskini, usiku kucha hawakulala."

Bawabu alifumba macho. "Nenda ukamwamshe."

"Mama, mtoto kasumbuka sana. Muache apum..."

"Mwanangu." Hakupaza sauti, lakini Meneja aliyekuwa mlangoni alisimama wima. "Mashine imekosea, na kosa ni letu. Amepewa mara mbili. Nenda ukamwamshe, na simu iache wazi mezani nikusikie. Nakuomba. Sasa hivi."

Tulisikia simu ikiwekwa juu ya mbao. Ndara zikikimbia. Mlango. Halafu feni, ile ya dari yenye kulegea, ikigonga kila ikizunguka. Nilihesabu kugonga kwake kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Kwa mbali, sauti ya muuguzi. Kisha sauti nyingine, ya mwanamke aliyeamka ghafla: "Nini? Kuna nini?" Na halafu akaanza kumwita mtoto, kama akina mama wanavyowaita mabinti zao.

"Mama. Mama wee. Amka, mama."

Feni ikagonga.

"Mama! Niangalie. Nesi, mbona hanijibu? Mama!"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bawabu aliinamia simu mpaka miwani ikaigusa, na midomo yake ilikuwa inatembea, sijui alikuwa anaomba au anahesabu. Ilipita labda nusu dakika. Mimi nadai ilikuwa zaidi.

Halafu mtoto akalia.

Hakikuwa kilio cha maumivu. Kilikuwa kilio cha hasira, kile cha mtu aliyekatishwa usingizi mtamu na anataka mhusika akamatwe. Kilianza chini kizito, kikapanda, kikaijaza ofisi yetu yote. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Meneja aligeuka akatazama ukuta.

Ndara zikarudi mbio. "Mama, kaamka! Kakasirika, kanipiga kofi!"

"Asante," Bawabu akasema. "Asante, mwanangu. Sasa sikiliza." Na akamwelekeza bila kutetemeka: mwiteni daktari, hesabuni pumzi zake kila baada ya robo saa, msimwache alale bila mtu pembeni, asipewe tone jingine mpaka daktari aseme, na mama yake aambiwe ukweli wote, mwambie kosa ni letu na nitampigia mwenyewe. Alirudia namba ya simu yake mara mbili na akamtaka yule binti aisome naye. Walisoma pamoja, sauti mbili. Alipokata simu, sweta lake lilikuwa limelowa mgongoni, katika ile baridi ya samaki.

Akampigia mumewe. "Bado sijala," akasema. Kisha, "Hapana, Mwalimu. Leo kilikuwepo kitu."

Hakuna aliyeigiza.

Saa kumi muuguzi alipiga tena kusema daktari amemwona mtoto, anayumba kidogo akitembea ila ameomba maji na ameomba arudishwe kwao. Barua ya Meneja ilikuwa tayari, imebaki nafasi moja tu, ile ya jina la mkosaji. Alikuja akasimama kati ya meza zetu mbili. Alitaka kujua aandike nani. Mimi nilishasimama. Nilikuwa nimeshajua nitamwambia nini mke wangu, na hata vitu vyangu vya mezani nilikuwa nimeviweka sehemu moja, kikombe, chaja, picha ya binti.

"Ni mimi," nikasema. "Kuhamisha ni mimi, kufuta ni mimi."

Bawabu alifungua daftari kwenye ile Jumatatu, akamgeuzia Meneja. Mwandiko ulikuwa umelala, wa mtu aliyesimama na mkoba begani. Aliyeruhusu: na jina lake.

"Huyu alibisha hodi," akasema. "Aliyefungua ni mimi. Tuandike wote wawili."

Meneja akaandika wote wawili. Nilitaka kumwambia dada huyu kitu, na vyote vilivyonijia vilikuwa vidogo mno. Yeye alikuwa ameshavuta kibodi. Aliandika upya agizo la mlinzi: asilinde mahali tu, alinde majedwali yenyewe popote yatakapopelekwa, na siku akiyakosa, afunge ghala zima na apige kelele. Na hodi isifunguliwe na mtu mmoja. Wawe wawili, tofauti, na mmoja asipokuwepo hakuna kinachopita. Alipofika kwenye orodha ya majina aliandika la kwake. Kisha akaandika la kwangu.

"Dada, mimi?" nikasema. "Baada ya leo?"

"Jana nisingekuweka."

Ilinikaa kifuani, na bado imekaa. Siku hizi mimi ndiye ninayefika wa kwanza. Nafungua mashine kabla sijatua begi, na wakipita siku nne bila kubisha, nawauliza. Wananiigiza nikitoka, nawasikia kwenye ngazi, na nawaacha.

Lakini jioni ile ilikuwa imebaki kazi moja tu. Mistari kumi na mmoja aliyoirudisha asubuhi kwa haraka ilikuwa haijasomwa. Alifungua droo akatoa rula, akafungua kitabu chake, akanivutia kiti kwa mguu.

"Soma."

Nikasoma. Kilo tano, kilo sita, kilo saba. Akajibu, rula ikashuka. Tulipofika mstari wa nane rula ilikuwa chini ya kilo kumi na mbili.

"Degedege," nikasema. "Chupa kali. Kilo kumi na mbili. Mililita tano."

Aliangalia kitabuni. Aliangalia muda mrefu, kana kwamba namba hiyo ingeweza kuwa imehama.

"Tano," akasema. Rula haikushuka. "Rudia."

Nikarudia.